Namna ya Kuwa Jenerali Maarufu: Mwongozo kwa Mpwa Wangu wa Kasenga

Jioni moja ya kiangazi, maji ya Luapula yakiwa yameshuka na mchanga wa ukingoni umetokeza, mpwa wangu alikuja akasimama mbele yangu na kijiti begani. "Mjomba," akasema, "mie nataka kukuwa jenerali. Jenerali ule wa kuandikwa mu vitabu." Ana miaka kumi na mmoja. Nikamwambia anipe wiki moja, nitamwandikia maelekezo hatua kwa hatua, kama yale yanayochapwa kwenye mfuko wa mbolea: fungua hapa, changanya hivi, weka kiasi hiki.

Maelekezo yenyewe ni haya. Nimeyatia utani kwa sababu mtoto hasomi kitu kisichomchekesha, lakini hakuna hatua hata moja niliyoitunga. Zote, isipokuwa ya mwisho, nimezitoa katika maisha ya majenerali wawili waliopita jirani na sisi. Wa kwanza ni Charles Tombeur, Mbelgiji aliyeanzia vita vyake Élisabethville, yaani Lubumbashi. Wa pili ni Paul von Lettow-Vorbeck, Mjerumani, ambaye vita vyake viliishia kwenye maji haya haya tunayochota kila asubuhi. Hilo la maji nitalieleza baadaye, usiruke kurasa.

Hatua ya kwanza: zaliwa mbali. Tombeur alizaliwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1867. Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis, Ujerumani, mwaka 1870. Wewe ulizaliwa hapa hapa, mvua ikinyesha, na mkunga aliletwa kwa baiskeli. Basi hatua hii imekwisha kukupita, twende mbele.

Hatua ya pili: uwe umekaa karibu vita vinapofika. Mwaka 1914 Tombeur alikuwa Katanga, miongoni mwa wakubwa wa serikali ya kikoloni. Élisabethville ulikuwa mji mchanga, reli kutoka kusini ilikuwa imefika miaka minne tu kabla. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umetoa nafasi kwa Kongo kukaa nje ya vita vya Ulaya, na kwa majuma machache watu walitumaini itakuwa hivyo. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupiga mizinga bandari ya Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie. Tumaini likaishia hapo. Baada ya muda mfupi askari kutoka Katanga walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka kwenda kuwasaidia Waingereza upande wa Abercorn, mji ambao Wazambia wanauita Mbala, na mwaka 1915 walikuwa ndani ya ngome ya Saisi Wajerumani walipoizingira. Mwaka huo huo Tombeur alikabidhiwa uongozi wa majeshi yote ya mpaka wa mashariki.

Hatua ya tatu: pata basoda, yaani askari. Jeshi la Tombeur liliitwa Force Publique, na wengi waliokuwamo hawakuomba kazi. Machifu walidaiwa idadi ya vijana, vijana wakatolewa, wakafungwa kamba wasitoroke njiani. Walitoka Kasai, Uele, Lualaba, kila pembe. Amri walipewa kwa Kifaransa, wenyewe kwa wenyewe wakazungumza Kilingala na Kiswahili. Tombeur aliwagawa katika brigedi mbili. Ya kaskazini ilikuwa chini ya Mbelgiji Molitor, ya kusini chini ya Olsen, mtu wa Denmark. Wote kwa jumla walipita 10,000. Walipigana kiume, na sitaki mtu aniambie vingine: Itaga, karibu na Tabora, katikati ya Septemba 1916, walipanda vilima huku bunduki za rashasha zikiwapokea kutoka juu.

Sasa, mpwa wangu, weka kijiti chini. Tumefika hatua ya nne, na humu ndimo ujenerali wenyewe ulimolala.

Hatua ya nne: tafuta wapagazi.

Unawajua wale vijana wa gatini wanaoshusha unga kutoka ng'ambo ya Zambia. Mfuko mmoja ni kilo 25. Juzi nilikaa nusu saa nikimtazama mmoja wao. Kwanza alisokota kitambaa, akakifanya duara, akakiweka utosini: ngata, au nkata kama wanavyosema Wabemba. Mwenzake akamtwika. Kwa muda hakutembea. Alisimama magoti yamelegea kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu, mpaka shingo ilipopata mahali pake. Ndipo akaanza kupanda ukingo, vidole vya miguu vikishika udongo, macho yakitazama mbele bila kupepesa. Alipofika juu hakuutupa mfuko. Aliinama, akaupokea kwa mikono miwili, akauteremsha taratibu, kisha akavua ngata na kuikung'uta unga. Alifanya hivyo mara arobaini kabla ya jua kupanda sana, kila safari hatua kama sitini.

Mzigo wa mpagazi wa vita vile ulikuwa karibu sawa na mfuko ule. Kilo 25, wakati mwingine zaidi. Risasi, magunia ya mchele, masanduku ya dawa, vitanda vya maofisa, vipande vya mizinga vilivyofunguliwa ili watu waweze kuvibeba. Kwa nini vichwa vya watu? Kwa sababu ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na ndorobo, na njia za magari hazikuwapo. Bunduki ilitengenezwa Ulaya kwa mashine, ikavuka bahari kwa meli ya mvuke, ikapanda reli, na reli ilipoishia ikapanda shingoni mwa mtu.

Chukua daftari tupige hesabu, maana jenerali asiyejua hesabu hii atakufa na jeshi lake. Mtu anayebeba mzigo mchana kutwa anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akitoka Lubumbashi na mfuko wa kilo 25 kichwani kuja Kasenga, ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Akienda kilomita 20 kwa siku, safari inamchukua siku kumi au kumi na moja, na siku nyingine kama hizo za kurudi. Ukitoa alichokula kwenda na kurudi, mfuko unabaki na kilo tatu au nne. Hizo ndizo zinazomfikia askari. Ukitaka askari mmoja ale mwezi mzima, piga mwenyewe hesabu ni shingo ngapi zinahitajika. Na Tabora iko mbali mara kadhaa kuliko hapa.

Kwa sababu hiyo idadi za wapagazi zinatisha. Wanahistoria hukadiria kwamba upande wa Wabelgiji peke yake watu wapatao 260,000 walibebeshwa mizigo katika vita vile. Waingereza nao walichukua karibu milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na nchi walizoziteka njiani. Wenzetu wa ng'ambo ya mto waliwaita wapagazi hao tenga-tenga. Walitembezwa kwa miguu, na mahali maji yaliporuhusu walipiga kasia: shehena zilitolewa kwenye reli ya Ndola hadi Luapula ya juu, zikapakiwa kwenye mitumbwi, zikavushwa Bangweulu kwenye matete hadi Chambeshi. Watu wa mto walikuwa mali katika vita vile. Aliyejua kushika upondo alitafutwa.

Na walikufa. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, na chakula kisichowakubali. Mtu wa mtoni aliyezoea muhogo na samaki alipewa mchele asioujua na maharage yasiyoiva, kwa sababu hakuna aliyempa muda wa kuyachemsha. Wenye asili ya nyanda za joto walipandishwa milima ya Kivu na Rwanda, usiku wa baridi, na blanketi moja, au bila blanketi. Maofisa waliandika mambo haya katika taarifa zao. Hayakuwa siri. Waliandika kama anavyoandika mtu wa ghala: wamepungua, waongezwe.

Ninaposoma taarifa za namna hiyo mkono wangu unakuwa mzito. Nimeishi maisha yangu yote kando ya mto huu, na sijawahi kukutana na mtu aliyembebesha mwingine mzigo kisha asikumbuke jina lake hata kwa siku moja. Hata tajiri wa samaki anawajua vijana wake.

Kuna kisa kimoja ambacho utakipenda, kwa hiyo nakiweka hapa. Mwaka 1915 Waingereza waliamua kuzileta boti mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kutoka London hadi Ziwa Tanganyika. Zilifika Rasi ya Tumaini Jema kwa meli, zikapanda treni, zikapita Élisabethville, zikashushwa Fungurume. Kutoka hapo ilibidi zivutwe kuvuka milima ya Mitumba, kwa trekta za mvuke na kwa ng'ombe wengi waliofungwa nira, hadi Sankisia, zikapanda treni tena hadi Bukama, zikateremka Lualaba, zikapanda treni nyingine hadi ziwani. Siku moja baada ya Krismasi ya 1915 ziliteka meli ya Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha ile Hedwig von Wissmann iliyoanzisha ugomvi. Kiongozi wa safari hiyo, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa na mazoea ya kuvaa sketi, na kila kitabu kinamkumbuka kwa sketi hiyo. Ndiyo, mpwa wangu, sketi. Cheka, halafu nisikilize: nani aliifyeka njia ya Mitumba? Nani alikata miti, akajaza magogo makorongoni ili trekta zipite, akachota maji kwa vichwa wakati mashine zilipokaukiwa? Ni watu wa Katanga, wanaume na wanawake. Wanawake ndio waliobeba maji ya zile trekta. Ukienda Fungurume leo utakuta malori ya madini yakipanga foleni. Ukipita hapo, vua kofia.

Hatua ya tano: jifunze kula cha wengine. Katika hili mwalimu ni Lettow-Vorbeck. Huyu alifika Dar es Salaam mwaka 1914 akiwa luteni kanali, na Novemba ya mwaka huo akawashinda Waingereza Tanga, katika mapigano ambayo nyuki nao waliingia wakawatimua watu, mpaka wengine wakayaita vita vya nyuki. Alikuwa hodari, hilo sikatai. Kwa miaka minne, bila meli za kumletea kitu isipokuwa mbili zilizopenya, alijificha, akapiga, akarudi nyuma, akaingia Msumbiji, akatoka, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Wanafunzi wa vita duniani kote wanamsoma. Lakini muulize anayekusifia ujanja huo: walikula nini? Walikula ghala za wanakijiji. Jeshi lake lilikula mtama wa mkulima, na jeshi lililomfukuza likala uliobaki, na vijana wa kulima tena walikuwa wamekwisha kuchukuliwa upagazi. Huko Ugogo ilizuka njaa ambayo Wagogo wenyewe waliipa jina, Mtunya, na watu walikufa maelfu kwa maelfu hadi baada ya vita. Kila hatua ya ule ujanja mtu fulani aliilipia kwa kihenge chake.

Hatua ya sita: chagua mji wa kuuteka. Tombeur alianza kusonga mbele Aprili 1916. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei. Kigoma tarehe 28 Julai, siku mbili baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, ile iliyoinuliwa baadaye ikaitwa Liemba na kuendelea kubeba abiria ziwani kwa miongo mingi. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Jenerali Wahle, Mjerumani aliyekuwa akiilinda, alikuwa ameondoka na watu wake usiku.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Tabora kwetu Katanga ni jina la nyumbani. Kabla ya Mzungu yeyote kuiweka kwenye ramani ya vita, Tabora ilikuwa kitovu cha misafara ya Unyamwezi, nchi ya wapagazi waliosifika Afrika ya Mashariki yote. Mnyamwezi wa karne ya kumi na tisa alibeba pembe na shaba kwa kupatana ujira, akiwa na kiongozi wake wa msafara na haki ya kuweka mzigo chini akidhulumiwa. Kijana kwao hakuhesabiwa mtu mzima mpaka aione pwani. Na ni kutoka upande huo huo, Usumbwa, alikotoka Msiri, akavuka Luapula na watu wake, akajenga Bunkeya, akaitawala nchi hii mpaka alipouawa Desemba 1891. Bayeke wa Bunkeya ni wajukuu wa njia hiyo. Kwa hiyo kijana wa Katanga aliyepelekwa Tabora mwaka 1916 na mzigo wa serikali kichwani alikuwa akirudi kwenye njia ya babu zake. Babu alikuja akiwa msafiri mwenye bei yake. Mjukuu alirudishwa akiwa ameandikwa namba.

Wabelgiji wenyewe hawakukaa Tabora. Waliwakabidhi Waingereza, na vita vilipokwisha wakabaki na Rwanda na Burundi. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye majina.

Hatua ya saba: jua mahali pa kuishia. Sasa nalipa ile ahadi ya maji. Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alikuwa ameingia Kasama. Ulaya walikuwa wameweka silaha chini tarehe 11, yeye hajui. Tarehe 14 Novemba, kwenye mto Chambeshi, ndipo alipothibitishiwa kwamba vita vimekwisha. Alitembea na watu wake hadi Abercorn, akasalimu amri tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya Ulaya kusherehekea. Alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya elfu moja, na wapagazi wengi kuliko askari. Wengi wa askari na wapagazi hao walipelekwa kambini Tabora kusubiri kurudishwa makwao, na huko mafua makali ya mwaka ule yakawakuta. Walivuka miaka minne ya risasi, wakafia kwenye mkeka.

Na Chambeshi, mpwa wangu, haiishii pale penye jiwe la kumbukumbu lililojengwa karibu na daraja. Inaingia Bangweulu, inapotea kwenye matete, inatoka upande wa pili ikiitwa Luapula, inaruka mawe ya Mambilima, inatulia, inapita hapa. Maji aliyoyatazama jenerali yule asubuhi ile yalipita mbele ya Kasenga baadaye, na wazee wetu waliyatilia nyavu bila kuambiwa kitu. Nikifua shati langu mtoni naifikiria habari hiyo. Vita vikubwa vya dunia vilipokata roho katika bara hili, ujumbe ungeweza kutufikia kwa kuelea tu.

Hatua ya nane: pata jina, sanamu na uzee mrefu. Lettow-Vorbeck alirudi Berlin, na tarehe 2 Machi 1919 akapita lango la Brandenburg akiwa juu ya farasi, watu wakimshangilia. Aliandika vitabu. Alikufa Hamburg Machi 1964, akiwa na miaka 93. Tombeur alirudi Katanga kama makamu wa gavana mkuu, akaondoka mwaka 1920. Mwaka 1926 mfalme wa Ubelgiji alimpa ubaroni, na baadaye akaitwa Baron Tombeur de Tabora. Tombeur wa Tabora! Mji ambao serikali yake haikukaa nao, mji wa wapagazi, ukawa mkia wa jina la mtu wa Liège. Alikufa Brussels mwaka 1947, na baadaye akajengewa mnara Saint-Gilles, katika jiji hilo hilo.

Wapagazi nao walipata jina, ila kwa njia nyingine. Kikosi chao upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka walivyoweza. Mahali walipopigishwa kambi Dar es Salaam pakawa Kariakoo, na Nairobi pakawa Kariokor. Leo Kariakoo ni soko. Watu wa Lubumbashi huenda huko kununua vitenge, hupanga vyumba humo, hurudi na mizigo yao, na jina la wapagazi wanalitaja mara ishirini kwa siku. Hakuna jenerali wa vita vile anayetajwa kiasi hicho. Nalipenda jambo hili, na nalipenda kwa uchungu, kwa sababu jina lilibaki na watu wakapotea.

Inasimuliwa kwamba mwaka ule ule aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wake waliobaki, mtu wa benki alitumwa Mwanza na fedha. Wazee mamia wakaja. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare. Atajuaje nani alikuwa askari kweli? Akampa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani, bega silaha, shusha silaha. Mikono ilikumbuka, na hakuna aliyeshindwa.

Kisa hicho husimuliwa kwa kumsifu jenerali. Mimi kinanipeleka kwingine. Mpagazi wangempima kwa nini? Hakufundishwa amri wala kwata. Ningekuwa mimi pale Mwanza ningeweka ngata mezani na mfuko wa unga kando, nikanyamaza, nikatazama shingo. Yule ambaye angesimama kwanza, magoti yamelegea kidogo, akasikiliza, huyo ningemlipa.

Hatua ya tisa haimo kwenye vitabu, ni ya nyumbani kwetu. Nkambo wako, yaani mama yangu, anakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akisema watoto walipolalamika njiani kutoka mtoni na ndoo: "Hii haiko muzigo ya Tabora." Ndivyo alivyosema kila ndoo, kila kuni, kila ungo wa muhogo. Nilipokuwa mdogo nilidhani Tabora ni aina ya mzigo, kama vile gunia au tita. Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza mama, ndipo akaniambia kwamba kaka mkubwa wa nyanya yake alichukuliwa kwenda "ku vita ya Wadachi", yaani vita vya Wajerumani. Watu walimngoja misimu miwili ya mvua. Kilio kilifanyika bila maiti. Hakuna barua iliyokuja, hakuna nishani, wala mshahara. Jina lake mama analo. Alinitamkia mara moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa kitu kilichofungwa kwenye pindo la kitenge.

Jana nilimsomea mpwa wangu haya yote, tukiwa tumemaliza bukari na samaki, koroboi ikiwaka. Alicheka mahali pa sketi. Mahali pa hesabu ya unga aliichukua kalamu akaipiga upya mwenyewe, akapata kilo tatu na nusu, akanitazama. Sikumuuliza tena habari za ujenerali. Nilimpeleka kwa nkambo wake, nikamwomba mama amtamkie mtoto lile jina, naye akalitamka, safari hii kwa sauti ya kawaida, mara mbili, ili asikosee herufi. Mtoto aliliandika katika daftari lake la shule, ukurasa wa mwisho. Alikaa kidogo akiuma kalamu, halafu akaongeza maneno mawili mbele yake: wa Tabora.

Akaniuliza kama hilo la pili nalo liandikwe kwa herufi kubwa. Nikamwambia yote, baba, yaandike yote kwa herufi kubwa.